Bibi na Mizani ya Pamba

Bibi yangu mzaa baba alifariki mwaka 2019 kijijini kwetu Ukerewe, akiwa na umri ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha. Mwenyewe alijua tu kwamba vita vya Hitler vilimkuta akiwa binti anayeweza kupanda kutoka ziwani na mtungi kichwani bila kumwaga maji. Tukahesabu kuanzia hapo, tukapata miaka kama tisini. Aliona mengi: mkoloni kuondoka, sangara kuwamaliza furu wengi ziwani, wajukuu kutawanyika hadi Dar es Salaam. Lakini kwa jinsi nilivyomfahamu, lililombadilisha kuliko yote ni kujua kusoma akiwa tayari anaitwa bibi.

Kabla ya hapo barua zake zilikuwa za kijiji kizima. Baba alikuwa na kazi Mwanza, kwenye kiwanda cha nguo. Barua ilivuka kwa meli hadi Nansio, ikaletwa na yeyote aliyekuwa anakuja upande wetu, kisha Bibi akaipeleka kwa katekista asomewe. Katekista alikuwa mtu mwema, ila sauti yake ilizoea kanisa. Waliokuwa barazani walisikia ni shilingi ngapi zimetumwa, na kesho yake wakaja kukopa. Baba akajifunza kuandika kwa tahadhari. Nimeziona barua zile: salamu nusu ukurasa, habari za mvua, halafu "mengine nitakueleza nikija."

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya chache, Mafia ikiwemo, zilizotakiwa kutangulia kufuta ujinga. Bibi akajiandikisha kisomo. Darasa lilianza alasiri, watu wakitoka shambani na majembe yao. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, rika la kitinda mimba wake, na Bibi alisimama wima kila alipoulizwa swali. Kitabu chao kilihusu pamba: kupanda, kupalilia, kupiga dawa, kutenga pamba safi na fifi. Naona ilikuwa busara kubwa, kwa kuwa kila neno alilofundishwa kulisoma alikuwa amelifanyia kazi miaka mingi. Jioni aliandika kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni, akafuta, akaandika tena, mpaka shangazi akaanza kusonga ugali yeye mwenyewe bila kuagizwa.

Kisha ukaja msimu wa kuuza pamba. Miaka ya nyuma mkulima asiyejua kusoma alifika na furushi lake, karani akatazama mizani, akatamka uzito, akaandika stakabadhi. Mkulima akaweka kidole gumba na kupokea alichopewa. Manung'uniko juu ya mizani yalikuwa ya zamani huku kwetu. Ni hayo hayo yaliyowasukuma wakulima wa Kanda ya Ziwa, miaka ya 1950, kuunda vyama vyao vya ushirika chini ya Paul Bomani. Siku Bibi alipopeleka pamba yake, kama shangazi anavyosimulia, sindano ilisimama kwenye kilo 43, karani akaandika 34. Bibi aliishika stakabadhi, akaitazama kwa muda mrefu, foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Ndipo akasema kwa upole, "Mwanangu, kwenye mizani nne imetangulia."

Karani alisahihisha bila neno. Wanawake wawili waliokuwa wameshapimiwa wakarudi na karatasi zao, wakamwomba Bibi awasomee. Tangu msimu ule aliitwa kila ununuzi ulipofunguliwa, na alikwenda hata asipokuwa na pamba ya kuuza.

Kwa Baba, mabadiliko yalionekana kwenye urefu wa barua. Alianza kumweleza mama yake mambo ya ndani: deni la kazini, mtoto anayeumwa, ugomvi na mke wake ambaye ni mama yangu. Bibi alijibu kwa herufi kubwa zilizopinda, bila nukta wala mkato, na majibu yake yalikuwa makali. Moja limehifadhiwa. Linamwambia Baba amwombe mkewe radhi kabla barua haijakunjwa.

Mwaka 1980 riwaya ya Aniceti Kitereza, mzee wa kisiwa chetu, ilitoka kwa Kiswahili. Alikuwa ameimaliza kwa Kikerewe tangu 1945, akaitafsiri mwenyewe, na mwaka 1981 akafariki. Baba alimletea Bibi nakala. Aliisoma polepole, kidole chini ya mstari, akibishana nayo. Pale Bugonoka, mke katika hadithi hiyo, anaporudishwa kwao na wazazi wake, na mumewe Myombekere anatakiwa kupeleka pombe ukweni ili ampate tena, Bibi alifunga kitabu na kutusimulia alivyoolewa yeye. Sidhani kama angetusimulia bila kitabu kile.

Takwimu za serikali zilisema mwaka 1970 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika, na kufikia 1986 walibaki kama 10. Baadaye kisomo kilififia, na wengi waliokuwa darasa moja na Bibi walisahau kwa kukosa cha kusoma. Yeye alisoma chochote: gazeti lililofungia sukari, karatasi ya dawa, tangazo la mnada.

Miaka ya mwisho mtoto wa jicho alimrudisha kwenye kusomewa. Safari hii alimchagua msomaji mwenyewe, binti wa shangazi, msichana asiyetoa siri, na akamsimamia. Nilikuwapo Baba alipotuma ujumbe wa simu: "Pesa nimetuma leo." Msichana akausoma.

"Rudia, umeruka," Bibi akasema.

"Sijaruka, Bibi, ndivyo ilivyo."

"Umeruka. Mwanangu hawezi kuniandikia asinisalimie. Mpigie nimuulize."