Mnyororo na Dua

Wahenga walinena kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Methali hiyo niliifafanua mara kadha katika karatasi za mtihani kabla sijaonja maana yake. Mwaka wa 2022, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu, karo ilinishinda. Umri wangu ulikuwa umesonga, kwani nilichelewa kujiunga na chuo. Baada ya shule ya upili nilikuwa nimefanya kazi ya utingo katika lori la mjomba, na hatimaye nikapata leseni ya kuendesha magari makubwa. Niliona heri kuirudia kazi niliyoijua kuliko kurudi nyumbani kumkodolea mama macho. Nikaahirisha masomo, nikavifungia vitabu vyangu katika sanduku la bati, nikashika njia ya Mombasa.

Kampuni iliyoniajiri ilinikabidhi trela bapa, ambalo madereva wenzangu huliita flatibedi. Yamkini msomaji amepishana na trela la aina hii mara nyingi bila kulitia maanani. Halina kuta wala paa. Ni sakafu tupu ya chuma na mbao iliyobebwa na magurudumu. Tangu treni za mizigo za reli ya kisasa zianze kazi Januari 2018, makontena mengi husafirishwa hadi Nairobi kwa reli. Hata hivyo, nondo, mabomba, mitambo na koili za chuma bado huonekana kwa wingi barabarani. Koili ni bati refu la chuma lililokunjwa mithili ya mkeka, ambalo baadaye hukunjuliwa viwandani na kugeuzwa mabati ya kuezekea. Koili moja ya zile tulizobeba ilikuwa na uzani wa tani 9.

Dereva wa kontena hufunga mlango, akatia lakiri, akaenda zake. Dereva wa trela bapa hana mlango wa kufunga. Kinachouzuia mzigo wake usimwangukie mja wa Mungu ni minyororo, kabari za mbao, na uaminifu wa yule aliyeifunga.

Kwa muda wa mwezi mmoja niliwekwa chini ya dereva mkongwe. Sisi vijana tulimwita Mzee, basi. Naye alipopata habari kwamba nilikuwa nikisomea ualimu, aliacha kabisa kuniita kwa jina langu. Akaniita Mwalimu, nami sikujua kama hiyo ilikuwa heshima au dhihaka.

Mzee alinifunza kwamba mzigo hupangwa kabla ya kufungwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayodhibiti uzito wa magari huruhusu tani 56 kwa lori lenye ekseli 7. Letu lilikuwa na ekseli 6, nalo halikuruhusiwa kuzidi tani 50 pamoja na mzigo wake. Lakini si jumla pekee inayopimwa. Pale kwenye mizani ya Mariakani kila kundi la ekseli huhesabiwa kivyake: tani 8 mbele, tani 18 katikati, tani 24 nyuma. Koili ikiwekwa hatua moja tu mbele ya mahali pake, jumla itakuwa halali ilhali ekseli itakuwa haramu.

Kisha akanifunza kufunga. Kila koili hulazwa juu ya mbao nene, ikashindiliwa kabari mbele na nyuma ili isibingirike. Minyororo hupitishwa tunduni mwake na kukazwa pande zote mbili kwa vyuma vya kukazia. Penye ukingo mkali huwekwa kipande cha mpira ili mnyororo na bati visilane.

"Sasa gonga," aliniamuru siku ya kwanza, akinipa kipande cha nondo.

Nikaugonga mnyororo, ukalia.

"Uliokazwa hulia. Uliolegea hunyamaza. Sikiliza vizuri, Mwalimu."

Kituo chetu cha kwanza baada ya kuipita Mariakani, Samburu na Taru kilikuwa Mackinnon Road. Hapo, kando ya barabara na reli, pana msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyefanya kazi katika ujenzi wa Reli ya Uganda. Husimuliwa kwamba karai alilobebea lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Wasafiri wengi husimama hapo kuomba salama ya njia. Mzee naye alisimama hapo kila safari. Aliinua mikono, akaomba dua fupi, kisha akalizunguka trela akigonga mnyororo mmoja baada ya mwingine. Siku moja nilimwuliza iwapo dua haitoshi. Akacheka.

"Dua ina mahali pake, na mnyororo una mahali pake. Mwenyezi Mungu hakuajiriwa na kampuni yetu."

Sababu ya kusimama pale nilikuja kuielewa polepole. Mzigo uliofungwa bandarini si mzigo uleule ukifika Mackinnon Road. Mtikiso wa barabara huzikandamiza mbao, koili ikashuka kwa upana wa kidole, na mnyororo uliokuwa umekazwa barabara ukabaki umelegea. Nchini Marekani jambo hili limeandikwa katika kanuni: dereva hutakiwa kuukagua mzigo wake ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kama kilomita 80. Mzee hakuwa amezisoma kanuni hizo. Yeye alikuwa amezika wenzake.

Tulipopeleka mizigo Malaba, safari ya zaidi ya kilomita 900, alinifunza pia mteremko wa Sachangwan na Salgaa. Huko baadhi ya madereva walizoea kutoa gia na kuliacha lori liteleze lenyewe, ili dizeli itakayosalia waiuze. Lakini breki peke yake haziwezi kulishika lori la tani 50 katika mteremko mrefu. Hupata moto hadi zikakataa kazi. Mzee alishuka kwa gia nzito, mwendo wa kobe, huku wenye haraka wakitupigia honi. Alisema kwamba dizeli ya kuteleza ndiyo dizeli ghali kupita zote.

Mwezi ukaisha. Nikapewa funguo zangu na utingo wangu, nikaingia barabarani peke yangu. Mshahara wenyewe ulikuwa haba. Chumvi yake ilikuwa posho ya safari. Aliyemaliza safari upesi alipewa nyingine upesi. Fauka ya hayo, kila lori lilikuwa na kifaa cha kuonyesha mahali lilipo, na ukisimama dakika 10 tu simu hulia: "Dereva, mbona umesimama?" Mimi nami nilikuwa na saa yangu kichwani, iliyokwenda kasi kuliko ya kampuni. Nilipiga hesabu usiku na mchana: safari nne zaidi, na karo ya muhula mmoja imetimia.

Safari yangu ya tano ndiyo iliyonivua nguo. Tulicheleweshwa bandarini mchana kutwa, tukapakiwa koili tatu magharibi. Foleni ya mizani ikatuweka hadi usiku wa manane. Simu ilikuwa imelia mara mbili. Utingo, maskini, alikuwa ameshika minyororo tangu jioni, naye sasa alikuwa amelala kitandani nyuma ya kiti changu. Tulipokaribia Mackinnon Road, mguu wangu wenyewe ulijua mahali pa kupunguza mafuta. Lakini nikajiambia: mizani imetupitisha, minyororo ni mipya, nitakagua Voi. Nikapita. Sikuomba dua wala sikugonga mnyororo.

Alfajiri ilitukuta karibu na Maungu. Ghafla taa za lori zikamulika ukuta wa kijivu uliokuwa ukitembea. Walikuwa ndovu watatu wakivuka barabara bila haraka, kama wenye nchi yao. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Lori likatii. Mzigo haukutii. Nikasikia mshindo mmoja mzito nyuma yangu, na kebini nzima ikasukumwa mbele kama mtu aliyepigwa kofi la kisogo.

Ndovu walikwenda zao. Nilishuka na tochi huku magoti yakinitetemeka. Koili ya kwanza ilikuwa imeisaga kabari yake na kuteleza mbele. Mnyororo mmoja ulikuwa umelala juu ya sakafu, umelegea. Wa pili ulikuwa bado umeshika, na huo ndio uliokuwa umeisimamisha koili. Nilipima kwa mkono wangu nafasi iliyosalia kati ya tani 9 za chuma na ukuta mwembamba uliokuwa mgongoni mwa utingo. Ilikuwa shubiri moja.

Wakati huo basi la abiria lililotoka Mombasa likatupita. Madirishani niliwaona watu wamelaza vichwa kwenye vioo. Nilifikiria kona ambayo ningeifikia baadaye, na upande ambao koili ingeangukia.

Utingo alikuwa ameshuka, akatazama, akanyamaza kwa muda. Kisha akanena kwa sauti ya chini: "Dere, nani ameona? Tukaze tu, twende polepole hadi Voi."

Sitamlaumu. Maneno yake yalikuwa yaleyale yaliyokuwa tayari moyoni mwangu. Kile kifaa cha kampuni kiliona tu kwamba tumesimama, hakikuona mnyororo. Ndovu hawatoi ushahidi. Nilikuwa na safari nne tu kati yangu na darasa. Nilitoa simu, lakini sikumpigia meneja. Nilimpigia Mzee.

"Kuna aliyeumia?" aliuliza kabla ya salamu.

"Hapana, Mzee."

"Ulisimama Mackinnon?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi, na asubuhi ilikuwa baridi.

"Hapana, Mzee."

Alikaa kimya, nikasikia akivuta pumzi. "Basi usisogeze hata gurudumu moja. Na mwambie meneja ukweli sasa hivi, kabla hujabuni uongo. Ukishaubuni utaupenda, Mwalimu."

Nikafanya hivyo. Tuliweka pembetatu nyekundu za onyo mbele na nyuma, tukakaa kando ya barabara mchana kutwa na usiku kucha tukingoja winchi ya kuirudisha koili mahali pake, kwani mikono ya watu wawili haisogezi tani 9. Jua la Taita lilituchoma, na usiku tulilala kwa zamu tukihofia wezi. Kampuni haikunifuta. Gharama ya winchi, hata hivyo, ilikatwa katika mshahara wangu kwa miezi mitano. Karo niliyoidhani iko safari nne mbele ikasogea hadi mwaka uliofuata. Siku niliyopata habari kwamba wenzangu wa darasa wameanza mazoezi ya kufundisha, nilikuwa chini ya trela Mlolongo, nikipaka grisi.

Nimejiuliza mara nyingi kosa lile lilikuwa la nani. Ni kweli kwamba kampuni ilinilipa kwa upesi na kunipigia simu kila niliposimama, wala haikuwahi kuniuliza habari za mnyororo. Mwajiri anayehesabu dakika za dereva na asihesabu minyororo yake humfunza kupuuza bila kumtamkia. Lakini pia ni kweli kwamba simu haikushika usukani. Mzee alipigiwa simu zilezile kwa miaka mingi, na alisimama. Ningesema kosa lilikuwa la kampuni pekee, ningekuwa nimefunga mzigo kwa mnyororo mmoja.

Kwa hivyo nilifanya jambo nililolijua. Niliketi na kumwandikia meneja barua ya kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu. Nilieleza jinsi mbao zinavyokandamizwa, jinsi mnyororo unavyolegea, na jinsi winchi moja ilivyoigharimu kampuni siku mbili kwa ajili ya dakika 20. Nikaomba kwamba kila lori la trela bapa liruhusiwe kusimama dakika hizo 20 kabla ya kufika Voi, bila kupigiwa simu. Sikutarajia jibu. Baada ya majuma mawili amri ilibandikwa ukutani karakana, nayo ilikubali ombi langu. Kati ya insha zote nilizowahi kuandika, hiyo ndiyo iliyosomwa kwa makini zaidi.

Mzee aliisoma amri ile akiwa amevaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Akanigeukia. "Kumbe chuo kina faida, Mwalimu," akasema. Safari hii nilijua kwamba haikuwa dhihaka.

Nilirejea chuoni mwaka wa 2024. Likizo ikifika hupanda basi kwenda Pwani, na kila tunapopita Mackinnon Road huwa macho, hata iwe usiku wa manane. Huyatafuta malori yaliyoegeshwa kando ya barabara. Mara ya mwisho nilimwona kijana mmoja, labda ni mgeni kazini kama nilivyokuwa, akilizunguka trela lake na kipande cha nondo mkononi. Aligonga, akainamisha kichwa, akasikiliza. Abiria wenzangu walikuwa wamelala, vichwa vimeegemea vioo. Hakuna aliyemwona, wala hakuna atakayemshukuru. Nami nikalala pia.