Mashine Ndogo ya Msasa: Soma Kwanza, Nunua Baadaye



Labda wewe ni kama mimi. Jioni, kazi za shamba zikiisha, unapenda kutengeneza vitu vidogo vya mbao: jahazi la kuweka mezani, gari la mtoto, nyumba ndogo. Kazi hii huburudisha moyo, lakini kupiga msasa huchosha mikono. Ndiyo maana watu hununua mashine ndogo ya msasa, ile inayofungwa juu ya meza.

Zamani mafundi wa pwani walisugua mbao kwa majani ya mti uitwao msasa. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Jani liliondoa mbao kidogo kidogo. Mashine huondoa upesi, na mbao iliyoondoka hairudi. Basi usichague mashine yenye nguvu kuliko zote. Chagua inayofaa kazi ndogo. Tazama mambo manne.

Kwanza, mwendo. Sahani ya inchi 5 ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu mita 19 kwa sekunde moja. Jahazi dogo litakwisha ukilitazama. Tafuta mashine ambayo mwendo wake unaweza kupunguzwa.

Pili, kimeza cha kuwekea mbao. Kiwe imara, kisitikisike. Nafasi kati ya kimeza na sahani isizidi milimita 2. Nafasi ikiwa kubwa, kipande kidogo huvutwa ndani, na kidole hufuata.

Tatu, vumbi. Mashine iwe na tundu la kufungia bomba la kunyonya vumbi. Vumbi la mvule huwasha ngozi na pua, na huweza kuleta pumu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza kuwa vumbi la mbao huweza kuleta saratani ya pua. Mimi hufanya kazi nje, nimeziba pua na mdomo kwa barakoa, na watoto wanakaa mbali. Unga unaopepea hewani ndio unaoingia kifuani.

Nne, umeme. Kila mashine ina kibati chenye maandishi. Wewe sasa unajua kusoma. Kisome! Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani huandikwa volti 120. Ukiichomeka hapa kwetu, mota huungua. Muuzaji anaweza kusema, "Haina neno." Wewe amini kibati.

Ukishanunua, kumbuka haya. Weka mbao upande ambao sahani inashuka, ili ikandamizwe kwenye kimeza. Upande unaopanda huirusha usoni. Vaa miwani ya kazi. Usivae glavu wala mikono mirefu ya nguo, kwa maana mashine hunasa nguo. Kipande kilicho kidogo kuliko kidole usikipeleke kwenye mashine. Gundisha karatasi ya msasa kwenye kijiti, ukisugue kwa mkono. Anza na namba 120, maliza na namba 220. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi.

Kabla ya kuuliza bei, uliza mambo hayo manne. Jahazi likiharibika, utachonga jingine. Kidole hakichongwi. Pafu halichongwi.