Kuuliza Si Ujinga

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Nami kwa ruhusa yenu nitaongeza neno langu dogo: kuuliza ni kazi, tena kazi ya jasho. Jambo hili nilifunzwa na watu wawili. Wa kwanza ni mtangazaji wa redio wa kule Marekani, wa pili nitamtaja baadaye.

Najua mtaniuliza, "We mtoto wa shule ya kutwa, redio ya Marekani umeisikilizia wapi?" Ngojeni niwaeleze. Binamu yangu anafanya kazi katika saiba pale sokoni. Likizo ya Aprili nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, naye akawa ananiachia kompyuta moja ikiwa haina mteja. Wakati huo chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kimeanza kunong'ona habari za kumwalika mwandishi shuleni. Basi nikataka kujua: mwandishi akishafika na kuketi, anaulizwa nini?

Katika kutafuta nikakutana na kipindi kilichoitwa Bookworm, yaani mdudu wa vitabu, jina wapewalo watu wasiobanduka kitabuni. Kilitangazwa na KCRW, kituo cha redio cha umma kilicho chini ya Chuo cha Santa Monica, California. Kituo hicho huomba wasikilizaji wake wachange pesa ili kiendelee, jambo ambalo sisi tungeliita harambee. Kipindi kilianza mwaka wa 1989 na kikafungwa mwaka wa 2022. Miaka 33! Kilikuwa cha nusu saa kila wiki, na mtangazaji alikuwa yuleyule mmoja, Michael Silverblatt. Kimekwisha, lakini mazungumzo yake mengi yamehifadhiwa katika intaneti.

Upekee wa bwana huyu ulikuwa nini? Kabla ya kumhoji mwandishi, alikuwa na desturi ya kusoma vitabu vyake vyote. Si kile kipya tu kilichomleta studioni, bali vyote, bwana! Waandishi wakubwa kama Toni Morrison waliketi mbele yake wakijua kwamba wanaongea na mtu aliyewasoma.

Sitawaficha, Kiingereza chao mwanzoni kilinipita kama matatu iliyojaa. Ilinibidi nirudie kipindi kimoja mara tatu. Lakini Silverblatt mwenyewe alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na hilo lilinisaidia.

Mwaka wa 1996 alimhoji David Foster Wallace, aliyekuwa ametoa riwaya iitwayo Infinite Jest, kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000. Silverblatt hakumwuliza, "Dhamira ya riwaya yako ni ipi?" Alimwuliza kama riwaya hiyo imejengwa mfano wa yale maumbo ya hisabati ambayo kila kipande kidogo kinafanana na umbo zima. Wallace akakiri kwamba ndivyo. Akalitaja umbo lenyewe: pembetatu ya Sierpinski.

Wenzangu wa kidato cha tatu, chukueni kalamu. Choreni pembetatu ya pande sawa. Tieni alama katikati ya kila upande, unganisheni alama hizo kwa mistari, kisha ondoeni pembetatu ya katikati. Zimebaki tatu ndogo, sivyo? Kila moja ifanyieni vivyo hivyo, na muendelee bila kikomo. Ndivyo mswada ulivyopangwa, ila mwandishi alieleza kwamba baada ya kupunguzwa na mhariri umbo lilikwenda upande kidogo. Hebu fikirini! Msomaji mmoja, kwa kusoma tu, alikuwa ameona mbao zilizoshikilia nyumba ya mtu mwingine.

Mazungumzo mengine yalinigusa zaidi. Yalitangazwa tarehe 6 Desemba 2001, na mgeni alikuwa W. G. Sebald, Mjerumani aliyeishi na kufundisha Uingereza. Silverblatt alimwambia kwamba katika vitabu vyake kambi za mauaji za Wanazi hazionekani, na bado kila kitu kama kinazielekea. Sebald akakubali. Akaeleza kwamba mambo ya kutisha kiasi hicho mtu hawezi kuyakodolea macho. Mwandishi huyakaribia kwa ubavuni. Siku nane baadaye, tarehe 14 Desemba, Sebald alifariki akiwa anaendesha gari. Kumbe swali zuri huweza kumfikia mtu akiwa amebakisha muda mfupi! Lingecheleweshwa, lisingejibiwa kamwe.

Sasa nirudi kwetu. Sisi tunatahiniwa katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Mamangu aliniongezea na mwongozo, akautoa katika pesa za mboga anazouza sokoni. Mwongozo sitaudharau, maana najua umegharimu mafungu mangapi ya mchicha. Mamangu aliachia masomo darasa la saba. Jioni moja alikuwa akichambua mboga za kesho, akaniambia, "Hebu soma kwa sauti nami nisikie, tusiwe tunanunua vitabu vya kusomwa na mtu mmoja."

Nikasoma. Nikafika kwa Yona, yule aliyekuwa mwalimu akaharibiwa na pombe, na mkewe Sara anayeugua. Mama akasimamisha mikono.

"Huyo Yona alianza kunywa kwa nini?"

Nikafungua mwongozo. Ulevi ulikuwapo, umepigiwa mstari, na madhara yake yamepangwa kwa nambari.

"Sikuulizi pombe ilifanya nini," mama akasema. "Hayo hata mimi nayaona hapa kijijini. Nauliza, nani alimsukuma?"

Ikabidi nirudi katika tamthilia yenyewe. Tukakuta maneno ya watu. Kwanza Yona na Sara walisemwa kwa kukosa watoto. Walipojaliwa Neema, Asna na Salome, wakasemwa tena eti ni wasichana watupu. Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi pombe hiyo majirani ndio waliokuwa wakimmiminia."

Wasomaji wapenzi, sisi kwetu tumezaliwa wasichana wanne, mvulana hakuna. Baba hanywi, namshukuru Mungu. Lakini maneno ya watu tumeyasikia, mpaka kisimani. Mama hakusema lolote kutuhusu jioni ile. Aliendelea na mchicha wake, nami nikaelewa alichokuwa akiulizia.

Huyo ndiye mwalimu wangu wa pili wa kuuliza. Silverblatt alisoma maktaba nzima, mama alisikiliza kurasa chache tu. Lakini wote wawili waliuliza kwa sababu walitaka kujua. Sisi wanafunzi mara nyingi tunauliza jambo ambalo jibu lake tunalo tayari nyuma ya kitabu. Swali la namna hiyo ni kama kubisha hodi nyumbani kwako mwenyewe.

Nililipeleka jibu la mama darasani. Wengine wakacheka, eti "mwongozo wa sokoni". Mwalimu wetu hakucheka. Aliniambia nilitetee kwa ushahidi wa kitabu, mstari kwa mstari. Nikasimama mbele ya darasa, magoti yakinigongana, nikasoma mahali tulipopaona na mama. Mwalimu akasema jibu hilo linastahili alama. Nilipomweleza mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso, akauliza, "Alama ngapi?"

Redio zetu zina vipindi vizuri vya lugha, navyo navipenda, hasa watu wanapobishana kuhusu neno moja hadi simu zinakatika. Natamani pia kipindi ambapo mwandishi wa Kiswahili anaketi nusu saa na mtu aliyemsoma. Lakini tusingoje redio. Chama chetu kinaweza kuanza.

Pendekezo langu kwa wanachama ndilo hili. Kabla ya kuandika barua ya mwaliko, tusome. Tuseme tunamtaka Bwana Arege. Yeye ndiye pia aliyeandika Mstahiki Meya, tamthilia ambayo kaka na dada zetu waliitahiniwa katika miaka ya 2010. Nakala zake bado zimo majumbani, zingine zimefunikiwa mitungi. Mimi nimeipata kwa binamu yangu, imekosa jalada. Katika Mstahiki Meya tuko ofisini kwa mkubwa wa baraza, wafanyakazi wanalia njaa. Katika Bembea ya Maisha tunaingia nyumbani kwa mume na mke. Swali langu nimekwisha kuliandika: Kwa nini mwandishi alitoka ofisini akaja nyumbani? Je, aliona kwamba dhuluma ya ofisini na ile ya jikoni ni ndugu?

Jibu silijui. Katika mwongozo halimo, nimetafuta. Ndiyo maana ninalitunza kama mbegu ya kupandwa. Kila mwanachama na aje na lake moja, lililotoka katika kusoma kwake mwenyewe, hata kama limeanzia kwa nyanya anayesonga ugali au kwa mama anayechambua mchicha. Tukifika ishirini wenye maswali ya namna hiyo, mgeni wetu hatajutia nauli yake.

Nafasi niliyopewa imekwisha na mhariri ananiangalia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwa herini, tuonane katika mkutano wa chama siku ya Jumatano, na kila mtu aje na kitabu mkononi.