Betri ya Starta Si ya Muziki

Mpwa wangu,

Mama yako amenieleza yaliyowafika Nungwi: mmetia nanga wageni watazame jua likizama, mashine mmeizima, muziki uko juu, na saa ya kurudi starta ikawa inalia tik tik tu mpaka wavuvi wakaja kuwavuta. Alhamdulillahi bahari ilikuwa shwari. Lingekuwa kusi linavuma, na giza limeshaingia, sijui tungekuwa tunazungumza nini leo. Basi nakuomba uyafanye haya kabla hujapakia wageni tena.

Usimlaumu aliyekuuzia betri. Betri ya starta ina pleti nyembamba nyingi, na kazi yake ni kutoa umeme mkubwa kwa sekunde chache, kisha mashine iirudishie. Ukiinyonya taratibu jioni nzima, pleti zinaharibika, na ukirudia mara kadhaa haitashika chaji tena. Redio yenyewe haili sana. Mlaji ni ile amplifaya ya besi uliyoificha chini ya benchi. Wati 200 kwa volti 12 ni kama ampea 17. Muziki hupanda na kushuka, kwa hiyo tuseme wastani wa ampea 10: saa nne zimekula ampea-saa 40. Betri yako ni ya 70. Imebaki na nini cha kuzungushia mashine?

Nunua betri ya pili, ile ya pleti nene wanayofungia sola. Ya 100 itakutosha, mradi usiishushe chini ya nusu. Muziki, taa na chaji za simu viende huko. Pampu ya ngamani nayo ifunge huko, moja kwa moja na fyuzi yake, isipite kwenye swichi kuu, ili boti ikilala nangani pampu iwe macho.

Kuna wanaounganisha betri mbili kwa swichi ya kuzungusha. Siipendi kwa boti ya abiria. Nahodha akishughulika na wageni anaiacha kwenye zote mbili, betri zote zinalala pamoja. Na akiizungusha kwenye kuzima huku mashine inanguruma, anaweza kuunguza alternata. Tafuta rilei inayosoma volti. Mashine ikichaji na volti zikapanda kupita 13 na kitu, inaziunganisha; ukizima, volti zikashuka, inazitenganisha yenyewe. Negativu za betri zote mbili lazima ziunganishwe, la sivyo rilei haitafanya kazi. Tena, mashine ndogo hutoa chaji kidogo na safari zako ni fupi, kwa hiyo weka paneli ya wati 100 juu ya kivuli, pamoja na kidhibiti chaji chake.

Sasa tazama nyuma ya redio. Ikiwa ni ya gari, utakuta waya mwekundu na wa njano. Wengi huhamisha mwekundu wakauacha wa njano kwenye betri ya starta. Huo wa njano ndio unaotunza saa na stesheni, na unanyonya kidogo kidogo hata redio ikiwa imezimwa. Hamisha zote mbili.

Fyuzi ya waya mkubwa ikae shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Fyuzi inalinda waya, hailindi redio. Waya ukichubuka kwenye taruma kabla haujafika kwenye fyuzi, hakuna cha kuukata, na wewe umebeba petroli na watu. Hapa sitaki mzaha hata kidogo. Maungio ya kusokota na kufunga kwa tepu usiyakubali. Chumvi inaingia ndani, shaba inageuka kijani, na joto linaanzia hapo hapo.

Uwe na mita mfukoni. Betri iliyopumzika ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu. Muziki ukipiga, namba hushuka kuliko hali halisi, basi uzime kwanza ndipo upime.

Pesa zikipungua, uza amplifaya. Wageni wamekuja kutazama bahari, na spika mbili ndogo zinawatosha.

Ijumaa baada ya sala nitakuja Nungwi na koleo la kubania maungio. Wewe uwe na betri, rilei, fyuzi na waya mnene wa shaba iliyopakwa bati ukiupata. Mpaka siku hiyo, amplifaya ichomoe.

Mjomba wako