Malaria ya kwenye gari

Kama mlijiuliza kwa nini nimekuwa kimya wiki tatu hizi, jibu ni kwamba nilikuwa chini ya gari. Namaanisha chini kabisa: mgongo juu ya boksi lililofumuliwa, mchanga machoni, mabomba usoni. Leo nimenawa mikono (kucha bado nyeusi) na naomba niwasimulie, maana wengi wenu nawajua. Mna magari ya umri wa gari langu, na mna vichwa vinavyouma jioni.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya 1994. Lilitoka kiwandani kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo ni mkubwa wangu. Ofisini wanaliita Babu. Nimelinunua kutoka kwa mtu aliyelinunua kwa mtu, na kila mmoja kabla yangu alikuwa na fundi wake. Hilo lishikeni, tutalirudia.

Naishi Ukonga, ofisi iko mjini. Anayeijua Barabara ya Nyerere asubuhi anajua nasema nini. Daraja la juu la Tazara lilipofunguliwa 2018 lilitupunguzia machungu pale kwenye makutano, lakini siku ya mvua foleni ni ile ile: unasogea mita mbili, unasimama, unasogea tena. Mvua ikinyesha, vioo vinapanda.

Masika yalipoanza, Babu akaanza kuunguruma. Nikimaanisha kuunguruma kweli, hadi watoto wa mtaani wanageuka wakidhani linakuja lori. Nikampelekea kijana mmoja wa kuchomelea vyuma jirani na kwangu. Akaingia chini, akaona sailensa imeoza kwa kutu, akaibandika kiraka. Nusu saa, shilingi elfu ishirini. Kelele ikaisha. Nikaondoka nimefurahi kama mtu aliyepona.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Nilikuwa nafika ofisini kichwa kinagonga. Kichefuchefu kidogo. Mwili umechoka kabla kazi haijaanza. Mhariri ananiuliza habari ya jana iko wapi, naangalia kompyuta kama naiona mara ya kwanza. Nikaenda zahanati, nikapimwa kwa kile kipimo cha haraka cha malaria. Hakuna. Wiki iliyofuata nikarudi. Hakuna. Mara ya tatu sikupima. Nikapita duka la dawa, nikanunua mseto, nikameza. Msinicheke, nanyi mnafanya.

Sasa, dada yangu anaishi mtaa wa pili na ana binti wa miaka minne. Mara mbili kwa wiki nilikuwa nampitisha chekechea nikiwa naelekea kazini. Mtoto huyu kwa kawaida ni redio isiyo na swichi, lakini akikaa kiti cha nyuma cha Babu, dakika kumi amelala. Tukawa tunatania nyumbani kwamba gari la mjomba lina dawa ya usingizi.

Alhamisi moja ya mvua tulikwama barabarani karibu saa nzima. Nilipofungua mlango getini kwao hakuamka mara moja. Nilimwita mara nne. Alipoamka akatapika, kisha nikamsimamisha chini, miguu ikakataa kumshika. Nikambeba. Alipokaa kwenye upepo pale barazani akapata nafuu polepole. Mwalimu akasema, "Huyu atakuwa na malaria." Nami nikajibu, "Ndiyo, hata mimi ninayo."

Nikarudi kwenye gari, nikakaa. Sentensi yangu mwenyewe ikanirudia. Watu wawili, nyumba mbili, neti mbili, malaria moja?

Kazini tunafundishwa kuuliza: nani, nini, lini, wapi, kwa nini. Mimi ambaye nawauliza wakubwa maswali hayo kila siku sikuwa nimejiuliza hata moja. Nikatoa daftari. Kichwa kinauma lini? Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili hakuna. Siku za mvua zaidi. Zile siku mbili Babu alipokosa betri nikapanda daladala? Hakuna. Daladala pamoja na kubanana kwake kote haikuniumiza kichwa. Gari langu ndilo lililoniumiza.

Hapa niwape sayansi kidogo. Petroli ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukiivuta inashikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, kwa hiyo damu inazunguka mwilini huku imebeba abiria asiye na faida. Ni gesi ile ile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hakuna Mtanzania asiyeijua habari ya watu kulala na jiko na kutoamka. Lakini nani kati yetu anawaza kwamba gari lenye vioo juu nalo ni chumba kilichofungwa, na jiko liko chini ya sakafu?

Na watoto huathirika mapema zaidi. John Scott Haldane, mwanasayansi wa Uingereza aliyeivuta gesi hii mwenyewe kwa majaribio miaka ya 1890, ndiye aliyeshauri wachimba makaa washuke mgodini na panya au ndege wadogo. Kiumbe mdogo hupumua haraka, basi huanguka kabla ya mtu mzima na kumpa muda wa kukimbia. Nilisoma hayo usiku, nikafunga kompyuta. Mimi ndege wangu nilikuwa nimemkalisha kiti cha nyuma, na alipoanguka nikamtania kwamba anapenda usingizi.

Kesho yake sikuliwasha Babu. Kuna fundi mzee, gereji yake iko chini ya mwembe, nikamfuata kwa miguu. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Hakucheka. Akaja na kijana wake, wakalivuta kwa kamba hadi gereji, vioo vyote chini. Nikataka aliwashe tuanze. Akakataa.

"Liache lilale, mwanangu. Injini ikiwa ya moto chuma kinatanuka, kinaziba ufa. Tutalisikiliza asubuhi likiwa na baridi."

Asubuhi akafungua boneti, akawasha, akainama. Nami nikainama. Tik-tik-tik-tik. Ukikanyaga mafuta inakwenda mbio, ukiachia inapoa. Baada ya dakika kumi hivi ikafifia yenyewe. Miezi yote hiyo nilikuwa nadhani ni sauti ya uzee.

Kisha akakunja tambara nene, akavaa glavu, akaziba mdomo wa bomba nyuma kwa sekunde chache tu. Moshi uliokosa njia ukaanza kupiga mluzi katikati ya gari. Akazima, tukanywa chai gari likipoa. Halafu akaingiza upepo wa kompresa kwa nyuma, akapitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo, kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha. Mapovu yakatoka sehemu mbili. Kwanza pale bomba la mbele linapoungana na menifoldi: gasketi ya duara imeliwa, bolti moja kati ya mbili imekatika, na pembeni pana masizi meusi kama ya kibatari. Pili, katikati, usawa wa kiti cha nyuma.

Hapo pa pili ndipo wale wenye gari wa kabla yangu wanapoingia. Zamani pale palikuwa na kile kidude chenye vitundu vitundu ambacho mafundi wanakiita masega. Kazi yake ni kuigeuza sumu hii kuwa hewa ya ukaa kabla haijatoka nje. Ndani yake mna madini ghali, platinamu na jamaa zake, ndiyo maana kuna watu wa kuyanunua na watu wa kukuambia kwamba ukiyatoa gari linakuwa jepesi. Ya Babu yalishatolewa, pakawekwa bomba tupu. Na aliyechomelea hakulishusha bomba. Alichomelea chini na pembeni, anapopaona. Juu, upande unaotazama sakafu ya gari, aliacha.

Fundi akaniambia ninyanyue zulia la nyuma. Chini yake, kizibo kimoja cha mpira cha sakafu hakipo. Tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Nikachungulia. Niliuona ule mshono moja kwa moja, na juu ya tundu hilo ndipo mpwa wangu huweka miguu.

Sikusema kitu. Mzee naye akaniacha.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku mbili. Bolti iliyokatika ililoweshwa mafuta usiku kucha, ikapashwa moto kwa gesi, ikagoma, ikatobolewa kwa drili. Gasketi mpya shilingi elfu kumi na mbili, bolti na springi zake elfu sita. Bomba likashushwa lote chini, kipande kibovu kikakatwa, kipya kikachomelewa mzunguko mzima pembeni kabisa mwa gari. (Ukichomelea kwa umeme bomba likiwa bado kwenye gari, vua waya wa betri kwanza, usije ukaunguza kompyuta ya gari.) Kipande na kuchomelea elfu thelathini na tano, ufundi elfu thelathini. Jumla elfu themanini na tatu, pamoja na kizibo cha mpira alichonipa bure. Kisha akarudia povu lake, kiungo kwa kiungo. Hakuna hata puto moja. Masega bado sijayarudisha, bei yake si ya mshahara wangu. Hilo ni deni.

Yule kijana wa kwanza simlaumu sana. Nilimwambia "ondoa kelele", akaiondoa. Kelele ndiyo iliyokuwa inanisemesha, nami nikalipa elfu ishirini inyamaze. Ekzosi ikivuja, usiulize tu inavuma wapi, uliza moshi unaingia wapi.

Na kama wewe na abiria wako mnaumwa kichwa mkiwa garini na kupona mkishuka, shukeni, kaeni kwenye hewa safi, msiliendeshe tena. Mkienda hospitali, wambieni kabisa kwamba mlikuwa mnavuta moshi wa gari. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati damu imejaa sumu, na ukilala nyumbani hadi kesho sehemu kubwa itakuwa imeshatoka, utaonekana mzima. Malaria pimeni pia. Ila majibu yakisema hakuna, amini kwamba hakuna, kisha uulize swali lingine.

Kulikuwa na kazi moja ngumu kuliko ile bolti: kumweleza dada. Nilimpigia jioni. Nikamweleza yote, tundu, mshono, povu. Akanyamaza nikadhani simu imekatika. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa halali."

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Wiki mbili zilipita kabla hajaniruhusu kumbeba tena, na siku ya kwanza alipanda naye. Juzi tulikuwa wawili tu, mimi na mtoto. Foleni ilikuwa ndefu, mvua inanyesha, nami nimeacha vioo wazi kidogo kwa woga. Kutoka Ukonga hadi getini hakufunga mdomo. Mjomba, lori lile lina magurudumu mangapi? Mjomba, kwa nini yule askari hana mwavuli? Mjomba, wewe mbona hujibu?

Nilikuwa namsikiliza.