Wifi, Mwenye Mtoto Akae Nyuma

Leo si mapishi wala mishono, leo tuzungumze gari.

Tangu nihamie Kilosa kumfuata mume wangu, safari zetu nyingi ni za Mikumi, kuifuata barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Barabara hiyo inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50. Malori ya Zambia yanapita usiku na mchana, na twiga au nyati huvuka anapotaka. Wa mbele akifunga breki ghafla, wa nyuma huenda asiwahi.

Visiwani na huku bara adabu ni moja: mwenye mtoto mchanga hupewa kiti cha mbele, apate nafasi na upepo. Juzi wifi yangu alikuwa anasafiri na mwanawe wa miezi sita, na shemeji akamfungulia mlango wa mbele kwa heshima zote. Nikamwambia, "Wifi, njoo tukae nyuma." Akashangaa: "Kwani eabegi si iko huko mbele?"

Swali zuri, na wengi wetu tunalo. Eabegi ni mfuko wa kitambaa uliokunjwa ndani ya usukani, na mwingine ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Gari ikigonga kwa nguvu, vihisio hupeleka ishara ya umeme, kemikali kwenye kopo dogo huwaka na kutoa gesi, na mfuko hujaa kabla hujamaliza kupepesa jicho. Unaporuka nje, mwendo wake unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kisha gesi hutoka kwenye vitundu na mfuko hunywea, ili kichwa chako kizame badala ya kudunda.

Kwa hiyo eabegi si mto wa kulalia. Inamsaidia mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali nayo kidogo, angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Herufi SRS mnazoziona zina maana ya mfumo wa ziada, yaani unaongeza juu ya mkanda, hauchukui nafasi yake.

Sasa mweke mtoto mapajani mwa mama, kati yake na dashibodi. Yeye ndiye wa kwanza kupigwa na mfuko ule. Wala usitegemee mikono. Gari ya mwendo wa 50 ikisimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 8 anavuta kama gunia la zaidi ya kilo 100. Hakuna mama wa kulizuia, hata akiwa amekaa nyuma. Mtoto anahitaji kiti chake, kilichofungwa vizuri kiti cha nyuma. Na kile cha wachanga, kinachotazama nyuma ya gari, kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi.

Jengine: magari yetu mengi ni mtumba wa Japani. Kuna eabegi za kampuni ya Takata ambazo kemikali yake huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, kopo likapasuka na kurusha vipande vya chuma. Magari mamilioni yaliitwa yarudishwe, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ndiyo hewa yetu ya pwani, basi ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako uangalie. Na taa ya SRS ikiwaka bila kuzima, usimruhusu fundi aichomoe tu. Mwambie atafute tatizo.

Wajawazito, mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, usikae juu ya tumbo.

Tawakkul haiondoi sababu, sote tunakijua kisa cha bedui na ngamia wake. Fungeni mikanda, mtoto awe kwenye kiti chake, kisha tusome dua ya safari kwa moyo mtulivu.