Mshumaa Haumuliki Mbele

Nairobi imebahatika kwa jambo moja ambalo hatulisemi sana: saa zetu. Soko la sarafu la dunia huwa wazi kuanzia usiku wa kuamkia Jumatatu hadi usiku wa Ijumaa, lakini halichangamki saa zote. Tokyo hufungua kukiwa saa tisa usiku hapa kwetu, wakati watu wa klabu wanatafuta matatu ya kurudi nyumbani. London huingia kazini saa nne asubuhi yetu, au saa tano wakati wa baridi yao, kwa sababu wao hurudisha saa nyuma na sisi hatuna tabia hiyo. New York nayo huja saa tisa au saa kumi alasiri. Kuanzia hapo hadi jioni, miji hiyo miwili inafanya kazi pamoja, na ndipo euro na dola, au pauni na dola, hutembea kweli. Kijana wa Kayole mwenye simu na bando anaweza kukaa na soko likiwa moto bila kukesha. Mwenzake wa California lazima aamke usiku wa manane aione London ikifungua.

Labda ndiyo maana siku hizi kila ploti ina msee wa foreksi. Unamjua. Ana simu mbili, kundi la Telegram, na maneno ambayo mwaka jana hakuwa nayo. Serikali nayo inamjua: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliweka kanuni za biashara hii mwaka 2017. Kwa hivyo si uchawi, wala si lazima iwe ukora. Ni soko kubwa kuliko yote duniani. Benki ya BIS, ambayo huhesabu kila baada ya miaka mitatu, ilipata kwamba Aprili 2022 sarafu za thamani ya dola trilioni 7.5 zilibadilishwa kila siku.

Katika ploti yetu, msee wa foreksi alikuwa mdogo wangu. Na mnamo Aprili 2024, zamu ya mama ya kupokea chama ilipofika, shilingi 65,000, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziombea kazi.

Mama anauza nguo za watoto Gikomba. Mvua za mwezi huo zilikuwa zimevuruga soko. Kuna siku alifunga bila kuuza hata sweta moja. Pesa za chama zilikuwa za kununua marobota mawili. Mdogo wangu alikuwa na mpango mwingine: dola karibu 500 kwenye akaunti ya broka, faida ya asilimia kumi kila wiki, na mama asahau matope ya Gikomba kabla ya Desemba.

"Mathe, hii kitu ni hesabu tu," alisema. "Chati haidanganyi."

Mama alinigeukia mimi. Mimi hufanya hesabu katika ofisi moja ya kupokea na kusafirisha mizigo, Industrial Area, ambako kila ankara ni ya dola. Nilianza kusoma chati mwaka 2021 ili nijue tukanunue dola leo au tungoje kesho, na baadaye nikafungua akaunti ndogo yangu mwenyewe. Kwa hivyo nyumbani mimi ndiye mtaalamu.

"Wewe niambie," mama alisema. "Inapanda ama inashuka?"

Swali hilo la mama ndilo kila mtu huuliza, na ndilo chati haiwezi kujibu.

Chati wanayotumia wengi huitwa ya mishumaa. Kila mshumaa ni kipande cha muda: dakika tano, dakika kumi na tano, saa moja, unavyochagua. Unabeba bei nne tu. Bei ya kufungulia, ya kufungia, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Mwili wake ni tofauti ya kufungua na kufunga. Tambi zinazotokeza juu na chini zinaonyesha bei ilifika wapi ikarudishwa. Mbinu hii ilizaliwa Japani, na husemekana ilianza kwa Munehisa Homma, mfanyabiashara wa mchele wa karne ya 18, aliyegundua kwamba bei ya mchele haifuati mavuno peke yake. Hufuata pia hofu na tamaa ya wanaonunua. Mmarekani Steve Nison ndiye aliyeipeleka kwa wasomaji wa Kiingereza kwa kitabu chake cha 1991.

Ukiiweka mishumaa mingi pamoja, unaanza kuona mambo. Kuna bei ambayo euro ikishuka hadi hapo, wanunuzi hujitokeza. Hiyo ni sakafu. Kuna nyingine ambayo ikipanda hadi hapo, wauzaji hujaa; hiyo ni dari. Kila kilele kikiwa juu ya kilichopita na kila bonde vilevile, huo ni mwelekeo wa kupanda. Mambo haya ni ya kweli. Sakafu huwepo kwa sababu maelfu ya watu, na mashine zao, wanakumbuka bei ileile na kuweka oda zao palepale.

Kisha kuna indiketa. Mstari wa wastani, unaochukua bei za vipindi vilivyopita na kuzigawanya. RSI ya Welles Wilder, ya mwaka 1978, inayopima kama bei imekimbia sana kwa muda mfupi. Jina lenyewe linachekesha ukiwa mkaazi wa Nairobi. Wewe umeshawahi kuiamini indiketa ya matatu kwenye Jogoo Road? Angalau ya matatu hudai kusema dereva anataka kwenda wapi. Ya kwenye chati imepikwa kutokana na bei zilizokwisha kupita. Inakuambia gari limetoka wapi, kwa rangi nzuri zaidi.

Nilimwonyesha mama chati ya sarafu anayoijua: dola na shilingi. Kutoka 2021, dola ilipokuwa karibu shilingi 110, mstari ulikuwa unapanda tu, mwezi baada ya mwezi, hadi ukapita 160 Januari 2024. Ungemwita mchambuzi yeyote Januari ile, na mbinu yoyote, angekuambia mwelekeo ni juu. Na angekuwa sawa kabisa kuhusu kila kitu kilichokuwa kwenye chati.

"Januari," mama alisema, akiweka kidole kwenye kilele. "Hapa ndipo nilinunua robota la sweta."

Februari serikali ikauza hati mpya ya deni ya dola bilioni 1.5 ili ilipe sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Hofu ya kwamba Kenya itashindwa kulipa ikaisha. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa inachezea 130. Wenzake mama waliongoja wakanunua marobota yaleyale kwa bei nafuu na kuuza chini yake. Hakuna mstari ambao ungeuchora kwenye ile chati ya Januari ukaona mkutano wa Hazina na wawekezaji wa London.

Mdogo wangu hakushtuka. Shilingi ni sarafu ndogo, alisema, serikali inaichezea. Yeye anafanya zile kubwa tu, ambazo hakuna mtu anayeweza kuzisukuma. Kwa mfano dola na yeni ya Japani. Hapo, maze, mwelekeo ulikuwa hauna maswali. Januari 2021 dola moja ilinunua yeni 103. Ijumaa ile, tarehe 26 Aprili 2024, ilikuwa imepita 158. Alinunua dola jioni hiyo, kwenye akaunti ya majaribio, ile ya pesa za uongo, ili mama aone kwa macho yake.

Jumatatu, tarehe 29, aliamka saa kumi na mbili akicheka. Alfajiri yeni ilikuwa imegusa 160 kwa dola, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1990. Akamletea mama simu jikoni. Dola 500 za uongo zilikuwa zimeongezeka vizuri. Mama akaangalia, akasema "haya," akaendelea kusonga uji.

Kabla ya saa mbili bei ilikuwa imeporomoka kuelekea 155. Japani ilikuwa sikukuu siku hiyo, soko lao limetulia, na mtu fulani mwenye mfuko mkubwa alikuwa ameuza dola kwa wingi. Mwezi mmoja baadaye Wizara ya Fedha ya Japani ilithibitisha kwamba kati ya tarehe 26 Aprili na 29 Mei ilitumia yeni trilioni 9.79 kuiinua sarafu yake. Mdogo wangu hakuwa ameweka stopu, ile oda ya kufunga biashara hasara ikifika kiwango ulichokubali. Akaunti yake ya uongo ilibaki na dola nne na senti kadhaa.

Ningeweza kuishia hapo na kusema chati ni upuzi. Lakini mimi bado huzifungua kila jioni, na ninajua zinanipa nini. Tazama hesabu hii, kwa sababu ndiyo hasa iliyotenganisha akaunti yake na yangu.

Loti moja kamili ya euro na dola ni euro 100,000. Bei ikisogea pipsi moja, yaani kutoka 1.0700 hadi 1.0701, unapata au kupoteza dola kumi. Wewe una dola 500. Euro 100,000 unazitoa wapi? Broka anakukopesha. Akikuzidishia mara 400, anashika dola kama 270 zako kama dhamana na kukuachia uendeshe loti nzima. Sasa pipsi 50 dhidi yako zinamaliza akaunti, na kwa kweli broka atakufungia hata kabla ya hapo. Pipsi 50 ni kutembea kwa kawaida kwa euro na dola katika siku moja. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, takwimu za ajira za Marekani zinapotoka saa tisa na nusu au saa kumi na nusu alasiri, zinaweza kwisha kwa dakika moja. Unaweza kuwa umesoma mwelekeo sawasawa, bei ikayumba pipsi 50 chini, ikakufuta, kisha ikapanda kama ulivyosema.

Lakini ukiingia na loti ya 0.01, pipsi moja ni senti kumi. Pipsi 50 ni dola tano, asilimia moja ya dola 500. Sawa na shilingi 650 hivi. Hapo ndipo chati inakuwa na kazi. Naangalia sakafu iko wapi, naweka stopu chini yake kidogo, nahesabu umbali, kisha nachagua ukubwa wa biashara ili nikikosea nipoteze ile asilimia moja na nilale. Chati inanionyesha bei ambayo ikifikiwa, wazo langu limekufa. Faida yangu ya miaka mitatu inatosha viatu vizuri na shughuli ya wikendi moja. Hakuna wa kuniweka kwenye bango la Telegram.

Ulaya walishalitazama jambo hili. Mamlaka yao ya masoko, ESMA, ilipoweka masharti mwaka 2018, ilieleza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu binafsi kwa kawaida hupoteza pesa. Ikapunguza mkopo kwenye sarafu kubwa hadi mara 30. Hawakupiga marufuku kuchora mistari. Walichokigusa ni ukubwa wa mkopo.

Nilipomweleza mama haya alinitazama kama mtu aliyeambiwa maji ni majimaji. Yeye hununua robota bila kujua kilichomo ndani. Haligusi kwa pesa ya kodi ya nyumba. Hakopi kwa shailoki kulinunua. Likifunguliwa, anauza kamera, zile nguo safi za juu, asubuhi hiyohiyo ili mtaji urudi, na fagia ya jioni ndiyo faida.

"Robota likiwa bovu na ni pesa yangu, nimepoteza robota," alimwambia mdogo wangu. "Likiwa bovu na ni pesa ya shailoki, nimepoteza robota na kibanda. Huyo broka wako ni shailoki mwenye tabasamu."

Akachukua pesa zake, akanunua marobota mawili. Lakini hakumfukuza. Alimpa daftari la kurasa 96, kama lile analoandikia madeni ya wateja, akamwambia aandike kila biashara ya zile pesa za uongo kwa miezi mitatu: ameingia wapi, kwa nini, ametoka wapi, kiasi gani. "Ukilileta limejaa, tutaongea."

Alilileta mwisho wa Julai. Biashara 61. Alikuwa ameshinda 38 na kushindwa 23, na alilifungua mbele yetu kwa madaha. Kwa kiswahili cha mtaani, alikuwa ameomoka. Mama akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho, ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikihesabu. Jumla ilikuwa hasara ya dola 112.

"Mbona unauza haraka zile zinazolipa," aliuliza, "na zile mbovu unakaa nazo mpaka zioze?"

Mdogo wangu akainama juu ya daftari. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa kimya. Kisha akaomba lingine la kurasa 96.